Siku ya wazazi imedoda? Kagua haya kabla hujamlaumu mzazi (kwa shule za Mtwara na Lindi)

Kila ukikaa na walimu wa huku kusini stori ya siku ya wazazi haikosi, na karibu kila mara jibu ni lile lile, "wazazi wa huku hawana mwamko". Mimi jibu hilo silikubali. Mzazi huyo huyo mnayesema hana mwamko akisikia mtoto wa dada yake anatolewa unyago Jumamosi anaacha kila kitu, anabeba mchele, anabeba kuku, anakwenda mpaka kijiji cha tatu na analala huko huko siku mbili. Kwa hiyo kujumuika anajua na kuchangia anajua kuliko hata sisi, kilichobaki ni shule kujiuliza inamwitaje. Nafundisha shule ya msingi huku Tandahimba, kabla ya hapo nilikuwa pwani upande wa Lindi, na haya ninayoandika nimeyaona yakijirudia pande zote mbili. Nimeyapanga kwa dalili. Tafuta dalili inayofanana na ya shule yako afu kagua sababu moja moja kwa mpangilio, usirukie ya mwisho.

DALILI: Mmetangaza, siku imefika, viti vitupu

Hii ndo dalili kubwa na ina sababu kama tatu hivi, anza na tarehe.

Wengi tunapanga tarehe kwa kuangalia ratiba ya shule na ratiba ya mgeni rasmi, basi, kalenda ya kijiji hatuigusi kabisa. Kaa na mzee yeyote hapo kijijini akueleze mwaka wao unavyokwenda. Huku kwenye korosho, kuanzia mwezi wa tano wa sita mpaka wa nane hivi watu wako kwenye salfa, wanapulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na kazi yenyewe inaanza alfajiri kwa sababu upepo ukishaanza kuvuma ule unga unapeperuka wote hausogelei hata jani. Sasa wewe ukiita kikao mwezi wa saba saa mbili asubuhi unamwambia baba achague kati ya kikao chako na hela yake ya mwaka mzima. Kikao hicho hicho ukikipeleka saa tisa alasiri, mtu ameshatoka shamba, kaoga, kala, anakuja tena na nguo safi. Afu ikifika Septemba Oktoba korosho zinaanguka, hapo ni kuokota kila siku na kuna familia zinahamia shambani kabisa na watoto, nyumbani anabaki bibi. Minada nayo ikianza Oktoba na malipo yakaanza kuingia kwenye akaunti, siku za kazi baba unamkuta mjini kwenye foleni ya benki. Kwa wenzetu wa Ruangwa, Nachingwea, Liwale na Kilwa ongeza ufuta, kuvuna na kupeleka ghalani kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba. Na mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, huo ni muda wa kulima na palizi, ukiita watu asubuhi umewaita wakati wana jembe mkononi.

Pwani kalenda ni bahari. Kuanzia Msimbati, Mikindani, Lindi mjini mpaka Kilwa, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa sana, na kwa ukanda wetu yanakuwa chini kabisa kwenye saa nne saa tano za asubuhi. Huo ndo muda kina mama wanashuka mwambani kutafuta pweza na chaza, na ndo muda ule ule shule zote zinapenda kufungua kikao. Nilipokuwa kule mwalimu mmoja mzoefu alikuwa hapangi kikao chochote bila kumuuliza mvuvi mwezi una siku ngapi. Aliweka vikao vyake siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, na kina mama walikuja na wakakaa mpaka mwisho kwa sababu hakuna aliyekuwa na wasiwasi wa kupitwa na maji.

Vingine vya kuangalia kwenye tarehe: Ijumaa mchana usiguse, maana sehemu kubwa ya wazazi wetu ni Waislamu na wanakwenda msikitini. Mwezi wa Ramadhani kikao cha alasiri ni kuwatesa watu, kama ni lazima fanya asubuhi na kifupi. Siku ya gulio usishindane nalo. Likizo za mwezi wa sita na wa kumi na mbili ndo majira ya jando na unyago, kwa hiyo zile siku za mwanzo baada ya kufunga shule watu wako huko, tena hata wiki ya mwisho kabla ya kufunga unakuta maandalizi yameshaanza nyumbani. Na kwa vijiji vya Liwale na Nachingwea vinavyosumbuliwa na tembo, hakikisha watu wanatawanyika mapema, anza saa nane umalize saa kumi, usimpitishe mama njia ya porini jua likizama.

Afu kuna msiba. Msiba haupangwi, lakini unaweza kupanga utafanya nini ukitokea. Weka tarehe ya akiba toka mwanzo na uitangaze pamoja na ile ya kwanza. Ukitokea msiba kijijini ahirisha asubuhi ile ile, usisubiri uone kama watu watakuja, na walimu wote nendeni msibani mkae na watu, mchange na nyie kile mtakachoweza. Kikao cha baada ya hapo utaona tofauti. Shule iliyozika na watu watu nao wanaijali.

Tarehe ikiwa sawa na bado viti vitupu, kagua taarifa. Hii ina kipimo rahisi sana: siku mbili kabla ya shughuli ingia madarasani uulize watoto, "nani nyumbani kwenu anajua kikao ni lini na ni cha nini?" Mikono ikiwa michache taarifa haijafika, haijalishi mlichapa barua ngapi. Barua aliyopewa mtoto wa darasa la tatu mara nyingi bado iko kwenye begi chini ya daftari, imekunjwa imekuwa kitambaa. Grupu la WhatsApp nalo lina walimu wenyewe, wenye maduka, na wazazi walioko Dar, huku mama anayemlea mtoto ana kiswaswadu na salio hana. Kinachofika ni mdomo. Mpe taarifa balozi wa nyumba kumi, mpe imamu aitangaze baada ya swala ya Ijumaa, mpe katekista au mchungaji aisome Jumapili hasa ukanda wa Masasi na Ndanda, na kama kuna kijana wa boda mwenye spika mlipe mafuta apite jioni moja tu, jioni ya kuamkia siku yenyewe. Tangazo liwe na vitu vitatu: tunakutana kufanya nini, tunamaliza saa ngapi, na kama kuna hela itakayoombwa au hapana. Hicho cha mwisho usikifiche, mtu akishindwa kujua anajibu mwenyewe kuwa ipo.

Ndo tunafika sababu ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndo mzizi wa shule nyingi. Toa daftari la mihtasari, fungua vikao vya mwaka jana, soma ajenda. Ukikuta madawati, mchango wa chakula, mchango wa mlinzi, matokeo mabaya, utoro, madawati tena, basi umeshapata jibu. Wazazi wameshajifunza kuwa shule ikiita ni ama inataka hela ama inataka kugomba. Na dawa yake haina njia ya mkato, andaa shughuli moja ambayo shilingi haitajwi hata kidogo, tangaza hivyo mapema, afu simamia neno lako siku hiyo hata kama kuna kiongozi anataka kuchomekea ka-ajenda kake ka mchango "kwa sababu watu wameshakusanyika". Mkatalie kwa heshima, mwambie mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria kila miezi mitatu, ajenda yake aipeleke huko. Ukimruhusu mara moja tu umerudi mwanzo.

DALILI: Wanakuja, lakini wanaokuja hawana maamuzi

Unaongea na bibi kuhusu binti aliyefaulu kwenda sekondari, bibi anaitikia vizuri sana, anakushukuru, Januari inafika binti haripoti. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine anachanganyikiwa hapa. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua ukoo wanaufuata kwa upande wa mama, kwa hiyo kwenye mambo mazito ya mtoto mjomba ana sauti kubwa, sehemu nyingine kuliko baba mzazi. Barua ikiandikwa "kwa mzazi" anakuja anayeishi na mtoto, na anayeishi na mtoto mara nyingi ni bibi au mama peke yake, huku mwenye neno la mwisho hata hajui kulikuwa na kikao.

Kwa hiyo kwenye mambo ya kawaida, kama kuangalia madaftari na michezo, aje yeyote anayemlea na mpokee kwa heshima zote, bibi anayelea wajukuu wanne ndo mzazi wenyewe. Ila kwenye mambo ya maamuzi, yaani kwenda kidato cha kwanza, mtoto kutaka kuachishwa shule, mtoto kutaka kuozwa, uliza kwanza nyumbani "na mjomba wake yuko wapi?" afu mwite huyo kwa jina. Nimeona kesi imekaa miezi ikaisha siku ambayo mjomba alipigiwa simu akaja na pikipiki yake kutoka Newala, akakaa na mwalimu mkuu nusu saa chini ya mkorosho, akamgeukia dada yake akamwambia "mtoto aende, sare nanunua mimi".

Na kuhusu kina baba kutokuja kabisa, kagua kama kuna kazi yoyote mnayowapa zaidi ya kukaa na kusikiliza. Wape kufunga maturubai, kusimamia mpira, kuchinja, kupanga usalama wa njia. Baba wa huku akipewa jukumu mbele ya wenzake anafika mapema kuliko mwalimu wa zamu.

DALILI: Barua inasema saa tatu, watu wanafika saa sita

Linganisha saa iliyoandikwa kwenye barua na saa iliyoandikwa kwenye muhtasari kuwa kikao kilifunguliwa. Mara nyingi utakuta aliyechelewa wa kwanza ni mgeni rasmi, na nyie mkamsubiri, na wazazi waliowahi wakapigwa jua masaa mawili na watoto mgongoni. Mwaka unaofuata wakaamua kuja saa wanayojua kitu kinaanza kweli. Hawajakosea hesabu.

Dawa: ratiba isimtegemee mtu mmoja. Anza na madarasa saa ile ile uliyoandika, hata kama kuna wazazi kumi, mgeni akifika anaungana na mlipofikia na hotuba yake inaingia mahali pake. Mwambie hivyo toka kwenye barua ya mwaliko, viongozi wengi ukiwaeleza mapema wanaelewa. Na vikao vya darasa vya kawaida havihitaji mgeni rasmi kabisa, mgeni rasmi mwachie mahafali.

DALILI: Wamejaa, ila wamekaa kimya na wanaondoka na sura zile zile

Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu hii ndo inayopuuzwa, watu wanahesabu vichwa wakiona uwanja umejaa wanaandika "kikao kilifana".

Angalia mkao kwanza. Meza kuu ina kitambaa, maua ya plastiki na maji ya chupa, wamekaa walimu na viongozi kivulini, wazazi wako chini kwenye kanga zao, jua linahama na wao wanahama nalo. Mtu aliyekaa hivyo hakuulizi swali. Weka viti duara, au wote kaeni kwenye mikeka, mwalimu akae kati ya wazazi wa darasa lake.

Angalia mnasoma nini. Kuna shule zinasoma matokeo kwa spika, jina la mtoto na nafasi yake, wa kwanza mpaka wa mwisho, mbele ya kijiji kizima. Mama wa mtoto wa mwisho amekaa pale na majirani zake wote wanamwangalia. Huyo humuoni tena, na wala usiseme hana mwamko. Matokeo ya mtoto ni ya mzazi na mwalimu wake, mpe mkononi, mweleze taratibu, wa mwisho mpe muda mrefu kuliko wa kwanza.

Kinachofanya kazi kuliko hotuba zote ni madaftari. Tawanya wazazi madarasani, kila mmoja akae kwenye dawati la mtoto wake, na mtoto awe pembeni yake, daftari lifunguliwe. Nilimwona mama mmoja ambaye kwenye mikutano ya hadhara hajawahi kufungua mdomo, alikuwa anapitisha kidole kwenye zile tiki nyekundu za hesabu ukurasa kwa ukurasa, akafika sehemu kurasa zimeruka wiki nzima hamna kitu, akamgeukia mwanae, "hizi siku ulikuwa wapi?" Mtoto kimya. Akaniangalia mimi, nikamwambia ndo ile wiki alisema anaumwa. Akasema hakuumwa, alitumwa kuokota korosho kwa baba yake mdogo. Pale pale yeye ndo akapanga hatatumwa tena siku ya shule, mimi sikuwa na haja ya kumhutubia.

Kuna na suala la lugha. Bibi wengi wa vijijini Kiswahili wanakielewa lakini kitu kizito wanakisema vizuri kwa Kimakonde au Kimwera. Mruhusu aseme kwa lugha yake, mzazi mwingine atafsiri. Ukimkatisha umempoteza. Na kwa mambo ya mabinti, yaani hedhi, mimba, usumbufu wa njiani, kina mama wakae peke yao na mwalimu wa kike kwanza, afu mmoja wao alete hoja kwa wote bila kutaja mtu.

DALILI: Wazazi wapo, walimu ndo wamejificha ofisini

Hii tunaogopa kuisema lakini ipo sana. Sababu ya kwanza ni kwamba walimu wengi wamepangiwa huku wakitokea mikoa mingine, hawajuani na watu, na wanaogopa kuulizwa matokeo hadharani. Ya pili shughuli inawekwa Jumamosi au Jumapili, mwalimu hajaulizwa, hajapewa hata chai, na anakaa mbali. Ya tatu ni mgawanyo wa kazi, kila mwaka walimu wa kike jikoni na kufagia, wa kiume meza kuu na maiki. Kaeni kikao cha walimu peke yenu wiki mbili kabla mgawane upya, kura ipigwe kama hamuelewani. Ikiwezekana shughuli iwe siku ya kazi mchana badala ya wikiendi. Mwalimu mgeni mpeni mzazi mmoja wa kumtembeza na kumtambulisha kwa watu, jina la mtu na la mtoto wake.

Na wekeni kitu ambacho walimu na wazazi wanafanya pamoja. Kuvuta kamba, mechi ya wazazi na walimu, netiboli ya kina mama, kupanda miti na kila mti ukawa wa familia na mwalimu mmoja. Kama kijiji kina kikundi cha sindimba waalikeni wacheze, na mwalimu akivutwa kuingia uwanjani aingie, asigome. Watu wa huku wakishacheza na wewe ngoma, siku ya kuja ofisini kwako kuuliza kitu hawaogopi mlango. Mle sahani moja. Namaanisha hivyo hasa, sinia moja mwalimu na wazazi wa darasa lake, ile habari ya walimu kula soda na kuku ofisini wazazi wakila nje wali mweupe inavunja kila kitu mlichojenga asubuhi.

DALILI: Manung'uniko ya hela

Sera ya elimu bila ada ipo toka 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli alipokataza michango shuleni ilisikika mpaka kijiji cha mwisho. Kwa hiyo mzazi akisikia mwalimu anataja hela ana sababu ya kuuliza maswali, usimkasirikie. Mchango wowote wa shughuli uwe wa hiari, wazazi wenyewe waupange kupitia kamati ya shule, na uongozi wa elimu wa kata na wilaya ujue. Hela ishikwe na mzazi aliyechaguliwa na wenzake, mwalimu asiiguse. Mtoto asirudishwe nyumbani wala asikatazwe kucheza ngoma au kuvaa joho la mahafali kwa sababu kwao hawajachanga. Hilo likitokea mara moja, kijiji hakisahau.

Ila ukiangalia vizuri, watu wanaogoma kutoa elfu tano wanatoa vitu bila shida. Nazi, mihogo, mbaazi, kuni, ming'oko (vile viazi vya porini), samaki kwa wa pwani. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde vijiji vingi maji ni ya kununua kwa dumu, kwa hiyo mzazi akileta dumu mbili za maji ya kupikia amechanga mchango mkubwa na aandikwe hivyo hivyo. Afu kesho yake, nasema kesho yake, karatasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na nyingine ofisi ya kijiji: nani kaleta nini, kimetumikaje, kimebaki nini. "Nazi zilizobaki wamepikiwa darasa la awali" ni mstari mdogo lakini nimeona watu wanasimama wanausoma, wanaitana waje wausome.

Vidogo vidogo vinavyoharibu siku

Chakula kinaisha kabla watu wote hawajala: mnahesabu wazazi mnasahau watoto wadogo wanaokuja nao. Pika wali na maharage mengi kuliko pilau kidogo, na wageni wa mbali wahudumiwe kwanza. Anayechinja awe Muislamu na watu wamwone, usiache watu wanaulizana chini chini kama nyama ni halali.

Wazee wanaondoka mapema wamekasirika: sikiliza muziki. DJ akiachiwa anapiga singeli za matusi mbele ya bibi na wajukuu. Mwimbo upitiwe na kamati kabla, spika izimwe adhana ikilia, na baada ya saa kumi na mbili hakuna disko.

Watoto wanalia pembeni: ni wale ambao hakuna mtu aliyewajia. Jua majina yao kabla, kila mmoja apewe mzazi wa rafiki yake au mwalimu akae naye kwenye dawati na kufungua daftari lake kama wengine. Hili sio dogo kabisa, nimeliweka hapa kwa sababu dawa yake ni fupi.

Mvua: kama mmepanga Januari mpaka Aprili, madarasa yawe yameshafagiliwa na kugawiwa toka asubuhi. Msisubiri wingu.

DALILI: Siku imefana kweli, baada ya mwezi hakuna kilichobadilika

Sababu karibu siku zote ni maazimio kubaki kwenye daftari la mwalimu. Watu wamekubaliana watoto wasitumwe shamba siku za shule, wamekubaliana zamu ya kupika uji, wamekubaliana kina baba wafyeke njia ya watoto, afu hakuna aliyepewa jina lake na tarehe. Kabla hamjatawanyika kila azimio lisomwe kwa sauti pamoja na jina la mtu, mtu huyo asimame watu wamwone. Yasizidi matatu, manne mwisho. Mkutano mkuu wa kijiji unaofuata mwenyekiti wa kamati ya shule aombe dakika tano tu aseme lipi limefanyika na lipi bado, na la walimu pia liwemo, maana wazazi wakiona maazimio yote ni ya kwao na walimu hawakuazimia kitu wanachoka haraka.

La mwisho ni uhamisho. Mwalimu aliyekuwa na moto wa haya mambo anahamishwa, anayekuja anaanza upya na kikao cha saa mbili asubuhi mwezi wa saba. Andikeni daftari moja la shughuli: tarehe iliyofaa na isiyofaa na kwa nini, mwezi wa baharini ulikuwaje kama mko pwani, watangazaji ni kina nani na namba zao, mtu gani anaaminika na hela, sufuria na maturubai mnaazima wapi, wajomba wa kuwaita. Nakala ya pili akae nayo mwenyekiti wa kamati ya shule nyumbani kwake, na mwalimu mkuu mpya akiripoti, siku anapokwenda kujitambulisha kwake apewe alisome kabla hajapanga tarehe yoyote.